Kuta Kongwe za Kanda ya Ziwa Mbele ya Zilizala

Kisumu, na mtaa wetu wa Kibuye ndani yake, imeketi katika tawi la Bonde la Ufa liitwalo Nyanza, lielekealo magharibi hata Ghuba ya Winam. Tarehe 6 Januari 1928 Subukia, katika Bonde hilo la Ufa, ilitikiswa na tetemeko lenye ukubwa wa 6.9, na tarehe 10 Septemba 2016, ng'ambo ya Ziwa Victoria, tetemeko la 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera nchini Tanzania, likaua watu zaidi ya 15 na kuziharibu shule kongwe za Ihungo na Nyakato hata zikafungwa.

Mkaguzi wa jengo la kale, kabla ya kuuliza ugumu wa tofali, sharti aulize jinsi kuta zilivyoshikana. Ukuta wa matofali huvumilia sana ukisukumwa kwa urefu wake. Bali ukisukumwa kwa upande wa unene, nao haukushikwa na kuta za pembeni wala boriti za paa, huanguka wote pamoja, tofali zake zikali ngumu. Ndiyo maana ufa wa mshazari utokao pembe ya dirisha haumtishi sana kama ufa wa wima penye kona, ambao ni dalili kwamba kuta mbili zimekwisha kuagana. Hapo hushusha timazi kutoka juu apime ulalo, kisha hubandika jasi juu ya ufa na kuiandika tarehe. Jasi ikipasuka, atajua ufa ungali ukitembea.

Thimlich Ohinga, ngome ya Migori iliyotiwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, yataka ukaguzi wa namna nyingine. Kuta zake, zenye kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, hazina udongo wala chokaa kati ya jiwe na jiwe: waashi walipanga uso wa nje na wa ndani, wakajaza vijiwe kati, na penye udhaifu wakaweka viegemeo vya mawe. Ukuta kama huu ukitikiswa, mawe husuguana na kuteleza kidogo, na msuguano huo hupunguza nguvu ya mtikiso. Lakini kila mtikiso huvishusha vijiwe vya kati, navyo huusukuma uso wa nje hata ukafanya tumbo. Hapo mkaguzi huyatazama matumbo hayo, na mawe yaliyolala juu ya milango, kama yamepasuka.

Kwa hiyo saruji si dawa ya kila ukuta: ikijazwa Thimlich, itayazuia mawe yasiteleze, lakini jengo la matofali lahitaji kufungwa paa na kuta kwa mkanda madhubuti. Nasi tuyapime majengo yetu sasa na kuyaandika, kwani asiye na daftari la kabla ya tetemeko hawezi kutenga ufa wa zamani na ufa mpya, wala kuamua kwa insafu lipi libomolewe na lipi lihifadhiwe.