Cheti cha Nyumba Nyingine

Katika maktaba ya shule moja ya pwani, ambayo jina lake nitalisitiri kwa kuwa waliokosea ni watu wema na kosa lao ni la wengi, kompyuta zilianza asubuhi ya siku ya kwanza ya muhula kukataa kufungua tovuti ya mazoezi ya hisabati iliyokuwa ikitumiwa na wanafunzi mwaka mzima uliotangulia pasipo taabu, na badala ya mazoezi zikaleta ukurasa mkavu wenye alama nyekundu, uliosema kwamba huenda yuko mtu anayejaribu kuiba siri za msomaji. Mkutubi, mwalimu wa makamo mwenye subira na taratibu zake, alikuwa amekwisha kuwafundisha watoto namna ya kuyavuka maonyo kama hayo, tangu siku cheti cha mfumo wa matokeo wa shule kilipokwisha muda wake bila mtu kukihuisha: bonyeza hapa, kisha pale, kisha kiri kwamba umeikubali hatari. Safari hii kitufe cha kuvukia hakikuonekana, na kwa sababu hiyo tu ndipo nilipoitwa.

“Fundi,” aliniambia, “hii ni saa ya kompyuta. Nimekwisha kuitazama, nayo iko sawa. Sasa mimi sijui.”

Hakukosea kuanza na saa. Kila cheti cha tovuti huandikwa siku ya kuanza na siku ya kukoma, na kompyuta ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa huamka kila asubuhi ikidhani iko miaka mingi nyuma, ikakiona cheti halali kuwa ni cha mtoto ambaye bado hajazaliwa. Lakini hitilafu ya saa ina jina lake, na jina hilo huandikwa kwa herufi ndogo chini ya onyo, mahali ambapo watu hupapita kama wapitavyo masharti ya mwisho ya mkataba, ilhali hapo ndipo penye ungamo lenyewe. Chrome ikiona tarehe mbaya husema NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Ya maktaba ile ilisema NET::ERR_CERT_COMMON_NAME_INVALID, na Firefox katika meza ya pili ikasema SSL_ERROR_BAD_CERT_DOMAIN, na tafsiri ya yote mawili ni moja: aliyefungua mlango ametoa hati, lakini jina lililo katika hati si la nyumba uliyoiulizia.

Nikaiomba simu ya mkutubi. Kwa bando lake mwenyewe tovuti ya hisabati ilifunguka mara moja. Kwa Wi-Fi ya shule, simu ile ile, dakika ile ile, ikaleta onyo lile lile. Jaribio hili halina gharama wala elimu kubwa, nami hulitanguliza mbele ya mengine yote, maana huigawa tuhuma katikati kwa pigo moja: chombo ni kizima, tovuti ni nzima, na ubaya umo njiani. Nikarudi kwenye kompyuta, nikabonyeza penye alama ya hatari, nikakifungua cheti chenyewe nikakisoma. Kilikuwa cheti kizuri, hakijakwisha muda, kimetiwa sahihi na mamlaka inayotambulika duniani. Aibu yake ilikuwa moja tu, kwamba kilitolewa kwa huduma ya kuchuja tovuti, ambayo mwenye kuuza intaneti kwa shule alikuwa ameifungulia likizoni kwa ombi la uongozi, naye mkutubi hakuambiwa.

Hapa yafaa nieleze ghiliba hii hufanywaje, kwa kuwa ni ghiliba ingawa nia yake ni njema. Kompyuta hazifikishani habari kwa majina, hufikishana kwa tarakimu, na kazi ya kugeuza jina kuwa tarakimu imekabidhiwa mfumo uitwao DNS, uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, wakati ambapo mtandao ulikuwa kijiji cha watu wanaoaminiana. Kivinjari humwuliza mwongozi wa mfumo huo, “Fulani anakaa wapi?” naye hujibu kwa anwani, na jibu hilo kwa kawaida halina muhuri wala lakiri ya kuthibitisha ukweli wake. Mwenye kuchuja humweka mwongozi wake mwenyewe, akampa orodha ya majina yaliyokatazwa, na likiulizwa mojawapo, mwongozi hasemi kwamba nyumba hiyo imefungwa. Humchukua mgeni kwa upole hadi kwenye baraza ya bwana wake, ambako ukutani kumebandikwa tangazo la kukatazwa.

Zamani hila hiyo ilikuwa haina ila. OpenDNS, iliyoanzishwa mwaka 2005, na nyingine za namna yake, zilikuta tovuti nyingi zikisomwa kwa HTTP tupu, ambamo mgeni haulizi hati ya mwenyeji, hivyo tangazo la kukatazwa lilisomeka barabara na kila mtu akajua kilichomsibu. Mambo yaligeuka pale HTTPS ilipoenea, na msukumo mmoja mkubwa ulitoka kwa Let's Encrypt, ambayo tangu mwisho wa mwaka 2015 ilianza kuwapa watu wote vyeti bila malipo, vya siku 90. Mgeni wa HTTPS hakanyagi kizingiti kabla ya kuona hati. Akifikishwa kwenye baraza ya mchujaji, hulitaja jina la nyumba aliyoitaka, na mchujaji, ambaye aliweza kudanganya juu ya anwani, hawezi kudanganya juu ya jina, kwa kuwa hana cheti cha nyumba ile wala hakuna mamlaka yenye insafu itakayompa. Huonyesha alichonacho, yaani cha kwake. Kivinjari hulilinganisha jina na orodha ya majina iliyomo katika cheti, kikakuta hayapatani, kikasimama na kupiga kelele. Tangazo la kukatazwa lipo nyuma ya kelele hizo, nalo halisomwi na mtu.

Wapo wachujaji wanaojaribu kuwa werevu zaidi: huchapa papo hapo cheti chenye jina sahihi, wakakitia sahihi kwa mamlaka waliyojiundia. Hapo jina hupatana, lakini mtoa sahihi hajulikani, na onyo hubadilika kuwa NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID, au katika Firefox SEC_ERROR_UNKNOWN_ISSUER. Fundi anayesoma herufi ndogo atajua, kabla hata hajafungua cheti, ni mchujaji wa mtindo gani aliye mbele yake.

Ili nisimtuhumu mtu kwa dhana, niliuliza mara mbili kwa amri ya nslookup: kwanza kwa mwongozi wa shule, kisha kwa 1.1.1.1, mwongozi wa hadhara wa Cloudflare. Majibu mawili kwa jina moja si ushahidi wa kutosha peke yake, kwa maana tovuti kubwa huwa na anwani nyingi na kila mwulizaji hupewa iliyo karibu naye. Kinachothibitisha ni kuuliza majina matatu au manne yasiyohusiana kabisa, na yote yakarudi na anwani moja. Ndivyo ilivyokuwa. Wenye uzoefu huzijua hata anwani zenyewe kwa sura: wanaotumia Cisco Umbrella, mrithi wa OpenDNS, wakikatazwa hupelekwa kwenye tarakimu zinazoanza na 146.112.61. Ya shule hii ilikuwa huduma nyingine. Tahadhari moja: ruta nyingine huyakamata maswali yote yapitayo mlango namba 53 na kuyajibu zenyewe, hata ukidhani unamwuliza mwongozi wa mbali, kwa hiyo majibu yakilingana usiharakishe kuondoa tuhuma; uliza tena kwa bando la simu.

Palikuwa na mambo matatu yaliyowachanganya watu, na kila moja lilikuwa na ushahidi wake.

La kwanza ni kile kitufe kilichokosekana. Tovuti ya hisabati ilikuwa imetoa agizo liitwalo HSTS, lililowekwa katika hati ya RFC 6797 ya Novemba 2012, ambalo hukiambia kivinjari kwamba tangu leo usije kwangu ila kwa HTTPS, na cheti kikiharibika usimpe msomaji njia ya kupenya. Tovuti nyingine zilizokatazwa hazikuwa na agizo hilo, na wanafunzi waliozivuka kwa elimu waliyopewa na mkutubi walikuwa wamelikuta lile tangazo la kukatazwa, wakalisoma, wakalielewa. Mbona hawakusema? Kwa sababu zilikuwa tovuti za michezo na za kubashiri mechi, na hakuna mtoto atakayemwendea mwalimu na ushahidi wa namna hiyo. Jibu la fumbo letu lilikuwa mikononi mwa watu waliokuwa na kila sababu ya kulificha.

La pili lilikuwa kompyuta ya mwalimu mmoja kijana, iliyofungua kila kitu kana kwamba hakuna kilichotokea. Alikuwa ameiwasha katika Firefox yake njia ya kuuliza majina kwa siri ndani ya HTTPS yenyewe, iliyowekewa kanuni katika RFC 8484 ya mwaka 2018, na hivyo maswali yake yalimpita mwongozi wa shule kama barua iliyofungwa impitavyo tarishi.

La tatu ndilo lililonigharimu muda, nami nalitaja kwa kirefu kwa sababu halina onyo lolote. Kamusi elezo moja waliyoitumia wanafunzi ilifunguka, ila ikiwa uchi: maandishi meusi yaliyoporomoka upande wa kushoto, pasipo picha wala rangi wala mpangilio. Tovuti kubwa haikai peke yake. Ina vibarua wake, picha zikitoka kwa jina moja, herufi kwa jingine, mitindo kwa la tatu. Mchujo ulikuwa umekataza jina la kibarua na kumwacha bwana. Nacho kivinjari, ambacho hupaza sauti cheti cha ukurasa mkuu kinapokosa kulingana, hunyamaza kimya cheti cha kibarua kinapokosa. Hukiacha tu kile kipande kisifike. Nilibonyeza F12, nikaingia katika orodha ya maombi yote yaliyotumwa na ukurasa, nikaona mistari mitano myekundu yenye kosa lile lile la cheti. Pasipo F12 ningaliondoka nikisema intaneti yao ni dhaifu.

Dawa nilizopendekeza zilikuwa mbili, na moja niliikataa. Kwanza, tovuti ya hisabati pamoja na vibarua wa kamusi wakaingizwa katika orodha ya ruhusa. Mchujo uliihesabu tovuti ile kuwa ya michezo, pengine kwa sababu humpa mtoto nyota na medali anapopata jibu. Pili, yale yanayostahili kukatazwa yakatazwe kwa kusema hapana: mwongozi ajibu kwamba jina halipo, au atoe anwani ya 0.0.0.0 isiyofika popote, kama ifanyavyo 1.1.1.3, huduma ya Cloudflare ya familia iliyotangazwa mwaka 2020.

Niliyoikataa ni ile inayopendwa na wauzaji: kutia katika kila kompyuta cheti cha mamlaka ya mchujaji, ili vivinjari viyaamini maandishi yake na tangazo lisomeke vizuri. Hufanya kazi, katika kompyuta zilizo mali ya shule, maadamu fundi anakumbuka kwamba Firefox za zamani hutegemea orodha yao wenyewe tu ya mamlaka. Lakini anayeaminiwa hivyo anaweza kujiita jina lolote, la benki au la barua pepe, na amana ya ukubwa huo imewahi kuvunjwa: mwaka 2015 iligunduliwa kwamba kompyuta za Lenovo ziliuzwa zikiwa na programu ya matangazo, Superfish, iliyotia mamlaka ya namna hii huku ufunguo wa siri ukiwa mmoja katika mashine zote. Kwa minajili ya ukurasa mmoja wa kukataza, naona bei ni ghali mno.

Baada ya mabadiliko, safu moja ya kompyuta iliendelea kuonyesha onyo, kwa kuwa zilikuwa bado na jibu la zamani katika akiba yao. Ipconfig /flushdns ikalifuta. Wiki ya pili mkutubi alinipigia simu. Onyo jekundu limetoweka, alisema, ila sasa watoto wanakuja kila saa kulalamika kwamba intaneti imeharibika, maana tovuti za michezo zinajibu kwamba hazipo duniani. Nikamwuliza amefanyaje. Amechukua karatasi, akaandika kwa mkono aina za tovuti zilizofungwa na jina la mwalimu wa kumwendea mwenye haja ya kweli, akaibandika mlangoni.