Pongezi kwa Mafundi Kompyuta wa Kilwa

Kompyuta yangu ya mezani ilizimika ghafla usiku, kazi ya miaka ikiwa ndani. Asubuhi niliibeba hadi kwa fundi hapa Kilwa Masoko.

Hakukimbilia kuniuzia mpya. Kwanza alichomoa diski, akaiunganisha kwenye laptopu yake na kunakili mafaili yangu yote. Mashine hununuliwa, aliniambia, kazi yako hainunuliwi. Kisha akachomoa RAM, akanionyesha meno ya RAM hiyo yaliyoshika kutu ya hewa ya chumvi. Aliyasugua taratibu kwa kifutio cha penseli, akayapangusa kwa spiriti. Mwisho akapima pawasaplai: imeungua.

Nyingine ililetwa na basi kutoka Kariakoo, Dar es Salaam. Barabara ya kutoka huko ndiyo tegemeo letu. Mei 2024, mafuriko ya kimbunga Hidaya yalipoikata Somanga, mabasi yalikwama. Siku kama hizo ndipo unapojua thamani ya fundi anayetunza vipuri vya mashine mbovu.

Mafundi wetu wa Kilwa na Lindi, hongereni sana. Mnaokoa mitihani ya walimu, hesabu za wenye maduka na picha za marehemu wetu. Mikono yenu isichoke.