Kizimba cha Mjukuu

Wahakiki wetu wamezoea kupima mashairi na riwaya. Leo naomba ruhusa ya msomaji nipime kichezeo cha mtoto, maana nacho ni kazi ya mkono na akili.

Juzi nilipanda basi kutoka Njombe hadi Makambako, mwendo wa kilometa 60 hivi, kumtazama mjukuu wangu wa miaka 13. Ana gari dogo la rimoti. Kwa kuwa lilikuwa likipinduka na kupasuka bodi, fundi jirani alimlehemea kizimba cha nondo nyembamba, mfano wa vile vinavyowekwa ndani ya magari ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo zamani yalifika hata kwetu Tanganyika.

Kizimba kile kilikuwa imara, lakini kama kazi kilikuwa kibovu. Katika gari la mashindano, kizimba huzuia paa lisimbonyee dereva. Katika gari hili hamna mtu. Kinacholindwa ni plastiki na nyaya. Nondo zilikuwa nzito, tena zimekaa juu, na chombo chenye uzito juu hupinduka upesi. Kila dereva wa lori anayepita Makambako kwenda Songea au Zambia analijua hilo. Basi gari likawa linaanguka kila kona. Kinga ndiyo iliyoleta ajali.

Mjukuu alikibandua, akaunda cha pili kwa spoku za baiskeli, akazifunga kwa vipande vya mpira wa tyubu. Hiki nakisifu. Ni chepesi, na mpira hupunguza kishindo. Kasoro yake ni moja: upande wa nyuma ni pembe nne tupu. Pembe nne ukiisukuma hulala. Pembetatu haibadili umbo mpaka ubavu wake upinde au uvunjike. Spoku moja ya mshazari ingetosha.

"Babu, unanipa ngapi?" akauliza.

"Saba kwa kumi."

Akanuna kidogo, kisha akaenda kutafuta spoku.

Ndani ya basi la kurudi Njombe nilianza kujisahihisha mwenyewe. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, mwanachuo mmoja alivunjika mguu uwanjani. Nikapiga marufuku mpira muhula mzima, nikiamini nawalinda. Vijana wakawa wanatoroka jioni kwenda kucheza kwenye uwanja wa mawe kijijini, na wawili wakaumia vibaya kuliko yule wa kwanza. Uwanja wetu ulihitaji kusawazishwa tu. Mimi nikauwekea nondo.

Hakuna aliyenikosoa, kwa kuwa nilikuwa mkuu. Mjukuu wangu ana bahati: yeye alikosolewa na gari lenyewe, kwenye kona ya kwanza.