Baiskeli ya Shule Inaanzia kwa Fundi

Mwaka 2006 serikali ya jimbo la Bihar, mashariki mwa India, ilianza kumpa kila msichana aliyeingia darasa la tisa katika shule za serikali rupia 2,000 za kununulia baiskeli. Haikugawa baiskeli. Iligawa fedha, familia zikaenda dukani, zikachagua, zikarudi na risiti. Wachumi Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walipima matokeo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017: uandikishaji wa wasichana sekondari ulipanda kwa asilimia 32, na pengo kati yao na wavulana likapungua kwa asilimia 40. Walionufaika zaidi walikuwa wa vijiji vilivyo kilomita tatu na kuendelea kutoka sekondari ya karibu.

Baadaye Prakash huyohuyo, akiwa na wenzake wengine, alipima mpango wa Zambia. Wasichana wa shule za msingi za vijijini, waliokuwa wakikaa zaidi ya kilomita tatu kutoka shuleni, walipewa baiskeli. Muda wa njiani ulipungua kwa asilimia 35, kuchelewa kwa asilimia 66, na utoro kwa zaidi ya robo. Huko hakuna aliyepewa fedha akachague mwenyewe. Wote walipewa baiskeli ya aina moja, Buffalo, inayotengenezwa na shirika la World Bicycle Relief, ambayo kwa miaka kadhaa wafadhili waliombwa dola 147 kwa kila moja. Rupia 2,000 za mwaka 2006 zilikuwa zaidi kidogo ya dola 40.

Lengo ni moja, mtoto wa umri unaokaribiana, umbali unaokaribiana, na bei moja imezidi nyingine zaidi ya mara tatu. Mzazi wa Dodoma, Kakamega au Gitega anayehesabu fedha zake anaweza kudhani kwamba mpango mmoja kati ya hiyo miwili ulikosea. Kwa maoni yangu yote miwili ilipatia, na sababu iko nje ya baiskeli yenyewe. India ni nchi ya baiskeli: mji wa Ludhiana pekee, katika jimbo la Punjab, ni kitovu cha viwanda vinavyotengeneza baiskeli na vipuri vyake kwa mamilioni, na fundi hakosekani hata vijijini. Baiskeli nyepesi ya rupia 2,000 ikikatika spoki, inarudi barabarani jioni ileile kwa gharama ya kikombe cha chai. Katika vijiji vingi vya Zambia fundi yuko mbali na spoki iko mbali zaidi. Pale ambapo matengenezo ni magumu kuyapata, uimara hauna budi kununuliwa siku ya kwanza, ukiwa ndani ya chuma.

Kwa hiyo kabla ya kuingia dukani, nenda kwa fundi. Tazama kibanda chake kwenye barabara ile ile atakayopita mtoto. Angalia vipuri vilivyoning'inia ukutani, na baiskeli za aina gani zimepinduliwa mbele yake zikisubiri zamu. Muulize ni kipuri gani anachokikosa kila mara. Majibu yake yanaeleza bei ya kweli ya baiskeli vizuri kuliko karatasi iliyobandikwa kwenye usukani.

Tuifungue sasa hiyo Buffalo, maana ilivyotengenezwa inafundisha hata asiyeweza kuinunua. Shirika la World Bicycle Relief lilianzishwa mwaka 2005 na F.K. Day, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya SRAM ya Chicago inayotengeneza vipuri vya baiskeli, pamoja na mkewe Leah Missbach Day, baada ya tsunami ya Desemba 2004. Huko Sri Lanka, iliyopigwa na tsunami hiyo, waligawa zaidi ya baiskeli 24,000. Walipoingia Zambia mwaka 2006, kwa ajili ya wahudumu wa afya wa vijijini, walikutana na tatizo ambalo kila fundi wa Afrika Mashariki analijua: baiskeli za kawaida za sokoni hazikuhimili mzigo na njia. Wakaanza kuboresha sehemu moja baada ya nyingine kwa kutazama ni nini kinavunjika.

Kinachovunjika kwanza, kwa kawaida, ni gurudumu la nyuma. Uzito wa mpandaji na wa karia unakaa huko, na kila mzunguko spoki zinazofika chini hulegea kidogo kisha hukazwa tena. Spoki ikiwa imekazwa vizuri, mabadiliko hayo ni madogo na chuma kinayavumilia miaka. Ikiwa imelegea, chuma kinajikunja na kujikunjua maelfu ya mara kwa safari moja, mpaka kinakatika pale kwenye kiwiko karibu na habu. Ndiyo maana Buffalo ina spoki nene kuliko kawaida na rimu imara. Mnunuzi wa baiskeli ya bei ya chini hawezi kubadilisha unene wa spoki, lakini anaweza kumlipa fundi azikaze na kulinyoosha gurudumu siku ya kununua, kisha tena baada ya mwezi mmoja, spoki zikishakaa mahali pake. Baiskeli nyingi hutoka kwenye boksi na kuunganishwa haraka, na malipo hayo madogo ndiyo huduma yenye faida kubwa kuliko zote.

Sehemu ya pili ni karia. Ya Buffalo imetengenezwa kubeba kilo 100, na baiskeli nzima ina uzito wa kama kilo 23. Mgeni ataona ni nzito mno kwa mwanafunzi. Tunaoishi huku tunajua kwamba baiskeli ya shule haiishii shuleni. Jioni inachota maji, Jumamosi inapeleka mahindi mashineni, na asubuhi mdogo wa mwanafunzi anadandia nyuma. Karia ya fito nyembamba iliyofungwa kwa nati mbili itapinda, itagusa tairi, na mara nyingi itavuta fremu nayo. Bonyeza karia kwa mikono miwili na kuiyumbisha kabla hujaulizia bei ya baiskeli yenyewe.

Breki ndipo hasa ninapotaka mzazi atulie. Buffalo ya kawaida inasimama kwa kurudisha pedali nyuma. Mashine ya breki imefichwa ndani ya habu ya nyuma. Haina waya wa kukatika wala raba ya kuisha, na matope hayaifikii. Udhaifu wake ni mmoja lakini ni mkubwa: mnyororo ukichomoka au kukatika, breki hiyo imekwenda nayo. Barabara yenye miteremko inadai breki ya mbele ya mkononi iwe nzima pia.

Linganisha na zile baiskeli nyeusi ndefu za mtindo wa Phoenix, ambazo Kenya huitwa Black Mamba. Breki zake ni za fito za chuma zinazovuta raba kuelekea kwenye rimu. Ni rahisi kutengeneza na fundi yeyote anazijua. Tatizo ni rimu zake za chuma kilichong'arishwa kwa kromu. Zikilowa, raba huteleza juu yake kabla haijashika, na umbali wa kusimama unarefuka vibaya. Wakati wa masika mtoto anayeshuka kilima kuelekea barabara kuu ya lami anahitaji kufundishwa kuminya breki mapema na kidogokidogo, ili raba ikaushe rimu kwanza. Jaribu mwenyewe: mwagia rimu maji, endesha, uminye. Kwa njia tambarare, na kwa mpandaji aliyeelezwa, baiskeli hizi bado ni chaguo zuri. Kwa njia ya milimani ningesita.

Zile zinazovutia macho ya vijana, za gia 18 au 21 zenye springi mbele na wakati mwingine katikati ya fremu, sizipendekezi kabisa kwa bei ya chini. Baiskeli ya bei nafuu yenye springi imelipia springi kwa kupunguza ubora wa kila kitu kingine. Springi yenyewe haina kizuizi cha maana cha vumbi; ikilegea, hakuna kipuri. Kile kimkono kinachoning'inia kando ya gurudumu la nyuma kuhamisha mnyororo hupinda baiskeli ikianguka mara moja tu upande wa kulia, na baiskeli ya mwanafunzi huangushwa kila siku, hasa zinapopangwa kwa wingi kwenye ukuta wa shule. Mnyororo wake pia ni mwembamba kuliko ule wa baiskeli ya gia moja, na katika mchanga na vumbi unalika upesi. Baada ya miezi kadhaa utaona baiskeli hizo zimebaki na gia moja, ile iliyonasa, na mara nyingi si ile inayofaa.

Lakini hitaji la gia ni la kweli, na waliotengeneza Buffalo walilikubali. Mwaka 2023 walitoa toleo lililoitwa Utility S2 lenye gia mbili na bila waya wowote wa kubadilishia. Lina minyororo miwili na frii mbili. Mpandaji akirudisha pedali nyuma, nguvu inahamia kwenye mnyororo wa pili. Ninaipenda kazi hiyo kwa sababu imeondoa vitu vinavyoharibika badala ya kuviongeza.

Asiyeweza kuifikia ana njia ya bei ndogo sana. Baiskeli ya gia moja yenye meno 44 mbele na 18 nyuma, kwa gurudumu la inchi 28, husogea kama mita 5.5 kwa kila mzunguko wa pedali. Ni sawa kwa mwanaume mzima kwenye lami. Kwa msichana wa miaka 13 mwenye mkoba wa vitabu kwenye kilima cha changarawe ni adhabu, naye atashuka na kusukuma. Mwambie fundi atoe frii ya meno 18 aweke ya meno 22. Sasa kila mzunguko unampeleka kama mita 4.5, na nguvu anayohitaji kupandia inapungua karibu moja ya tano. Mnyororo utahitaji kuongezwa kipande, ni hivyo tu. Atapoteza mwendo kidogo kwenye tambarare, lakini hatapoteza chochote cha maana: kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, kilomita sita ni nusu saa, wakati kwa miguu ni zaidi ya saa nzima.

Kuna pia za mtumba, hasa zile za mjini kutoka Japani, zenye kikapu mbele, fremu ya chini na kifuniko cha mnyororo. Nyingi ni imara kuliko mpya za bei hiyo, na kwa msichana anayevaa sketi ya shule fremu yake inafaa mno. Mtego uko kwenye matairi. Soma namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi, yenye kistari katikati. "Inchi 26" si kipimo kimoja: tairi ya baiskeli za milimani huandikwa namba inayoishia 559, ya Kijapani ya inchi 26 huishia 590, na ile ya inchi 27 ya Kijapani huishia 609. Ile nyeusi ya inchi 28 huishia 635. Tarakimu hizo tatu za mwisho ni kipenyo, kwa milimita, cha pale tairi inapokalia rimu, na tairi ya 559 haitaingia kwenye rimu ya 590 hata fundi akitumia spana tatu. Nakili namba, nenda nayo kwenye duka la vipuri la mji wako, uulize kama wanayo na bei gani. Kama hawana, ama nunua matairi ya akiba pamoja na baiskeli, ama iache.

Fremu ya chini ina gharama yake: bila bomba la juu, fremu hujikunja zaidi chini ya mzigo. Tafuta yenye mabomba mawili ya kushuka sambamba, au bomba moja nene, na ukague viungo chini ya usukani kama rangi imepasuka. Ufa wa rangi hapo mara nyingi ni ufa wa chuma.

Ukubwa nao wazazi wengi wanauamua kama sare ya shule, wakinunua kubwa ili mtoto aikulie. Kwenye sare hakuna ubaya. Kwenye baiskeli, mtoto asiyefikisha miguu chini hawezi kusimama salama lori linapompita karibu. Asimame katikati ya fremu, nyayo zote mbili zikiwa bapa, na bomba la juu lisimguse. Nafasi ya kukulia itoke kwenye bomba la kiti: chagua fremu fupi yenye bomba refu la kiti linaloweza kupandishwa kila mwaka bila kuvuka alama ya mwisho iliyochorwa juu yake.

Kama bajeti ni ngumu, punguza kwenye mwonekano, kisha tenga sehemu kwa pampu, viraka na solusheni, spana moja, kufuli, na kiakisi mwanga cha nyuma kwa siku ambazo masomo ya ziada yanamchelewesha. Mtoto afundishwe kuziba pancha mwenyewe kabla ya siku ya kwanza ya kwenda nayo shuleni, na apake mnyororo mafuta kila wiki, akiufuta kwanza kwa kitambaa ili mchanga usigeuke msasa. Fundi uliyemtembelea mwanzo mpe kazi ya kuikagua baiskeli kabla hujalipa, na umlipe kwa ukaguzi huo hata akikuambia usiinunue.