Msumeno Uliomrudisha Kigong'ota

Vigong'ota wengi duniani hutoboa miti iliyokufa, kwa kuwa mti uliooza ni laini. Kusini-mashariki mwa Marekani yupo mmoja aliyejichagulia kazi ngumu. Ni ndege mdogo mweusi na mweupe, Dryobates borealis kwa jina la kitaalamu, na dume lake lina nyuzi chache nyekundu kando ya kichwa ambazo hata mtazamaji mwenye darubini huzikosa. Huyu hutoboa msonobari ulio hai, tena si msonobari wowote: anautaka wenye umri wa miaka 80 na kuendelea, ambao kiini chake kimeanza kulainishwa na kuvu. Tundu moja huweza kumchukua mwaka mzima, na mara nyingi miaka kadhaa. Akishamaliza huchimba vishimo vidogo kuuzunguka mlango, kisha huvichokonoa kila mara ili utomvu usiache kutoka. Utomvu huo huteremka shinani ukaganda kama nta ya mshumaa, na nyoka anayepanda kufuata mayai hunatwa magamba, akashindwa kuendelea.

Mwaka 1970 ndege huyu aliingizwa kwenye orodha ya serikali ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 makundi yake yalikuwa takriban 1,470. Oktoba 2024, yakiwa yamefika takriban 7,800 katika majimbo 11, alishushwa daraja na kuwekwa miongoni mwa viumbe wanaotishiwa tu. Kupona huko kulihitaji sheria, mahakama na fedha nyingi. Ndani ya msitu wenyewe, hata hivyo, zana zilikuwa mbili: moto na msumeno. Habari za moto zimesimuliwa sana. Jinsi msumeno ulivyotumika haijulikani kwa wengi, na ndiyo sehemu yenye mafunzo kwa yeyote anayesimamia msitu.

Kwanza msitu wenyewe. Msonobari wa majani marefu, Pinus palustris, zamani ulitawala takriban hekta milioni 36, kutoka Virginia hadi Texas. Msomaji aliyezoea mashamba ya mipaini ya Sao Hill kule Mufindi aiweke kando picha ile ya mistari iliyonyooka na giza chini ya miti. Hapa miti mirefu ilisimama imeachana, jua likafika ardhini, na chini yake kukawa na nyasi na maua ya kila namna. Palipo pazuri huhesabiwa aina zaidi ya 40 za mimea ndani ya mita moja ya mraba. Kila baada ya miaka miwili au mitatu moto wa chinichini ulipita, umewashwa na radi au na wenyeji wa asili, ukachoma nyasi na vichaka bila kuiua misonobari yenye magome manene.

Kufikia mwaka 1930 sehemu kubwa ya miti ya asili ilikuwa imekwisha kugeuzwa mbao. Nguruwe walioachiwa wajitafutie waling'oa miche, na mabwana misitu wa wakati huo wakaupiga vita moto kana kwamba ni adui. Bila moto, mialoni na miti mingine ya majani mapana ikajaa kati ya nyasi na vilele. Kigong'ota huyu hana uvumilivu na hali hiyo: vichaka vikifika usawa wa mlango wake, huhama. Katika miaka ya 1990 msitu wa aina hii ulikuwa umebaki hekta milioni 1.2 hivi.

Maarifa ya kuurudisha yalitoka mahali pasipotarajiwa, kwa matajiri wawindaji. Mwaka 1924 Herbert Stoddard alipelekwa kwenye mashamba makubwa ya uwindaji ya eneo la Thomasville, mpakani mwa Georgia na Florida, achunguze kwa nini kware wanapungua. Kitabu chake cha mwaka 1931 kilisema jambo lililowaudhi mabwana misitu wengi: kware wanahitaji moto. Lakini wenye mashamba walikuwa na miti pia, na walitaka iwaingizie kitu bila kuwafukuza ndege. Stoddard akaanza kuchagua miti ya kukatwa mmoja mmoja. Mwaka 1950 alimchukua kijana wa huko, Leon Neel, na mtindo wao wa kazi leo unajulikana kwa majina yao yote mawili.

Sharti la kwanza la mtindo huo ni la kihesabu. Msitu ukiongeza mita za ujazo 100 za mbao kwa mwaka, kinachovunwa kwa wastani hakifiki 100. Akiba inaachwa ikue, na mwenye shamba huishi kwa sehemu ya riba. Mabwana misitu waliosomea kuvuna shamba zima kwa wakati mmoja waliuona huo kuwa uvivu uliopewa jina zuri. Msonobari wa majani marefu, hata hivyo, huweza kuishi miaka 300 na zaidi, na shina lake refu lililonyooka hutafutwa kwa nguzo za umeme, zenye bei kubwa kuliko magogo ya kawaida. Kwa hiyo kusubiri kulikuwa na malipo yake.

Sharti la pili ndilo gumu kulifundisha, nalo hufanyika kwa miguu. Mpaka rangi, anayetia alama miti ya kukatwa, huingia msituni na bomba lake la rangi, akasimama mbele ya mti na kujiuliza kama kuna sababu ya kuuacha. Anatazama juu: kilele kimekuwa bapa? Hiyo ni dalili ya uzee, na mzee huachwa. Shina lina alama za kuvu? Mfanyabiashara wa mbao angeuita kasoro, na bwana misitu wa shule ya kawaida angeuondoa mapema usiwaambukize wengine. Hapa unaachwa, kwa kuwa huenda ndio tundu la kesho. Anatazama chini: kuna miche iliyojikusanya mahali pamoja ikihitaji jua? Basi jirani aliyeinama, mwenye kilele chembamba, ambaye kazi yake ni kuitia kivuli, ndiye anayepakwa rangi. Alama huwekwa mbili, moja usawa wa kifua na nyingine chini kabisa ya mahali msumeno utakapopita. Wakataji wakishaondoka, mkaguzi hupita akitazama visiki. Kisiki kisicho na rangi kinahitaji maelezo. Miti yenye matundu ya kigong'ota huzungushiwa pete nyeupe ionekane kwa mbali.

Miche hiyo ina tabia ya ajabu kidogo. Msonobari huu ukiota hukaa miaka kadhaa ukiwa kama fungu la majani ardhini, wala haurefuki. Wakati huo unajenga mzizi, na chipukizi lake limefunikwa na sindano ndefu, yaani majani yake membamba, hata moto ukipita halidhuriki. Kisha siku zake zikifika huchomoka juu kwa kasi. Kivulini, hukaa hivyo hivyo mpaka ufe.

Basi kwa nini wasikate eneo kubwa, jua lijae, miche ichomoke yote? Jibu ni sindano zinazodondoka. Sindano za msonobari huu zina utomvu mwingi, na zikianguka hunasa juu ya nyasi, zikawa ndizo zinazoubeba moto kutoka kichaka hadi kichaka. Ukifungua uwazi mkubwa, sindano zinakosekana, moto unapita kwa viraka, na mialoni iliyookoka huchipua upya kwa nguvu. Katika miaka michache mkataji amejitengenezea kichaka alichokuja kukiondoa. Ndiyo maana wakati mwingine mpaka rangi huuacha mti mbaya, uliopinda, usio na bei, kwa sababu tu ndio pekee unaodondosha sindano mahali pale. Huko Ichauway, Georgia, shamba la uwindaji lililokuwa la Robert Woodruff wa Coca-Cola na sasa kituo cha utafiti, kanuni hiyo ilitumika hata kugeuza mashamba ya misonobari ya aina nyingine. Badala ya kuyafyeka, waliyapunguza taratibu na kupanda msonobari wa majani marefu chini yake, ili ile miti ya zamani iendelee kuulisha moto wakati mipya inakua.

Serikali ilipoandika mpango wake wa mwaka 2003 wa kumwokoa kigong'ota, ilijaribu kuugeuza ustadi huo kuwa tarakimu. Mahali pazuri pa kutafutia chakula pawe na angalau misonobari 45 hivi kwa hekta, yenye umri wa miaka 60 na zaidi na unene wa sentimita 35 usawa wa kifua. Misonobari myembamba iwe michache. Vichaka vya majani mapana visizidi mita 2 hivi kwa urefu, na nyasi na mimea mingine ya chini ifunike angalau asilimia 40 ya ardhi. Tarakimu hizi zina faida: mkandarasi anaweza kuzipima na mkaguzi kuzihakiki. Udhaifu wake ni kwamba mtu anaweza kuzitimiza zote akiwa amekwisha kuuza miti yote ya miaka 120, na karatasi zake zikawa safi.

Wanyama wengine walinufaika bila kupangiwa. Kobe mchimbaji wa huko, Gopherus polyphemus, hutaga mayai kwenye mchanga unaopigwa na jua na hula mimea ya chini. Msitu ukifunga, huondoka. Shimo lake huweza kufika mita 4 na zaidi, na spishi zaidi ya 350, kuanzia vyura hadi nyoka, zimeonekana zikijihifadhi humo. Kware walirudi palipofunguka. Lakini mashine nzito za kuburuta magogo zikipita ardhi ikiwa imelowa, mizizi ya nyasi hukatika, na nyasi-waya ya msitu huu ikishalimwa hurudi kwa shida sana. Mvunaji mzuri hungoja ardhi ikauke hata kama kiwanda cha mbao kinamwita.

Usiku wa kuamkia tarehe 22 Septemba 1989 kimbunga Hugo kilipiga pwani ya South Carolina. Msitu wa taifa wa Francis Marion, uliokuwa na makundi karibu 480 ya kigong'ota huyu, ulipoteza asilimia 87 ya miti yenye matundu, na karibu theluthi mbili ya ndege wakafa. Waliobaki hawakuwa na pa kulala, na mti wa kuwafaa huchukua miongo kupatikana. Hapo msumeno ukapewa kazi nyingine kabisa. Fundi alipanda ngazi na msumeno wa moto, akachonga shimo la mstatili kwenye msonobari hai mnene, akapachika humo sanduku la mbao ya mseda lenye tundu tayari ndani, akaziba kingo na kubana mlango kwa bati ili vigong'ota wakubwa wasiupanue. Mbinu hiyo, iliyoelezwa kitaalamu na David Allen mwaka 1991, ilitengeneza kwa saa moja hivi kitu ambacho ndege hutumia miaka kukichimba. Ndege waliyakubali masanduku, na idadi ikaanza kupanda.

Sheria nayo ilibidi ijifunze. Mwaka 1988 mahakama ya shirikisho huko Texas iliwaamuru wasimamizi wa misitu ya taifa waache kufyeka ndani ya mita 1,200 kutoka kwenye makundi ya kigong'ota. Kwenye ardhi ya watu binafsi mambo yaligeuka. Utafiti wa wachumi uliochapishwa mwaka 2003 uliwaonyesha wenye misitu wa North Carolina walioishi karibu na ndege hao wakivuna miti ikiwa bado michanga, kusudi isifike umri wa kutobolewa na kuwaletea masharti. Sheria ya kulinda ikawa inahimiza kukata. Dawa ilikuwa imekwisha kupatikana mwaka 1995 katika eneo la Sandhills la jimbo hilo hilo: mwenye ardhi akikubali kupunguza vichaka na kuacha miti mizee, hatabebeshwa wajibu wa ziada kwa ndege wapya watakaovutwa na kazi yake. Hapo hofu ya kumkaribisha mgeni ikapungua.

Mtindo wa Stoddard na Neel hauhamishiki kiholela. Ukikata mti mmoja mmoja katika msitu usiochomwa, nafasi huchukuliwa na miti inayopenda kivuli, na baada ya miaka 30 msonobari umekuwa mgeni kwao. Tena neno "kuchagua" limeficha uharibifu mwingi. Katika misitu ya Afrika Mashariki mninga, mvule na mpingo ilivunwa kwa kuchagua miaka nenda rudi, ikichukuliwa iliyo bora na kuachwa isiyo na soko. Stoddard na Neel waliigeuza hesabu hiyo: wakauza ya wastani, wakabaki na bora na mbaya kwa pamoja.

Kushushwa daraja kwa kigong'ota mwaka 2024 hakukuwafurahisha wote. Wapinzani walitaja vimbunga, na walikuwa na hoja: Oktoba 2018 kimbunga Michael kilipita Florida kaskazini na kusini-magharibi mwa Georgia kikaangusha misonobari kwa wingi. Makundi mengi bado yanalala kwenye masanduku, na masanduku huchakaa. Misonobari iliyopandwa katika miaka ya 1990 itafika umri wa kutobolewa karibu na mwaka 2080. Hadi hapo mafundi wataendelea kupanda ngazi kila mwaka kukagua na kubadilisha, na wapaka rangi kuiruka miti ya miaka 40 na 50 ambayo viwanda vingeilipia leo.