Mwezi Usioweza Kuonekana Hauna Shahidi

Tangazo la mwandamo wa Shawwal lililotoka Saudi Arabia jioni ya Alkhamisi, Aprili 20, 2023, na ambalo baadhi yetu hapa Unguja waliliamini papo hapo, lilikuwa kosa. Aliyefuatilia yaliyotokea angani asubuhi ya siku ile ile alikuwa na kila sababu ya kulitambua. Jua lilipatwa. Watu wa Exmouth, magharibi mwa Australia, waliingia kizani mchana, na picha zao zilizunguka kwenye simu zetu siku nzima. Kupatwa kwa jua ndiyo ijtimai yenyewe, ila ya mara hii inaonekana kwa macho: mwezi unapita mbele ya jua, wa zamani umekwisha, na umri wa mpya unaanza kuhesabiwa hapo. Kwa saa zetu kilele kilikuwa saa 1 na dakika 17 asubuhi. Siku nyingine mtu anaweza kusema kwamba wanafalaki wamekosea hesabu. Siku ile hesabu ilitandazwa angani, dunia nzima ikaitazama.

Sasa tusogee hadi machweo. Jua lilipozama Makka, mwezi ule ulikuwa na umri wa saa 11 na nusu, na haukuwa umeachana na jua hata kwa digrii 7. Kipimo hicho cha digrii 7 si cha kubuni. Mfaransa André Danjon alikieleza katika miaka ya 1930, kwamba chini ya hapo ule uzi wa mwanga tunaouita hilali hauonekani, hata mbingu iwe safi vipi. Rekodi ya jicho tupu inayotajwa sana ni ya Stephen James O'Meara, mwaka 1990, naye aliuona mwezi wa saa 15 na nusu, akiwa mtazamaji mzoefu aliyejua hasa wapi pa kuelekeza jicho. Tunaambiwa tukubali kwamba jioni moja ya Aprili rekodi hiyo ilivunjwa kwa saa nne, tena bila ya shahidi kuulizwa hadharani hilali ilikuwa upande gani wa mahali jua lilipozama, ilikuwa na urefu gani juu ya upeo, na pembe zake zilielekea wapi. Hapo ndipo penye dosari. Shahidi aliulizwa dini yake na uadilifu wake, mambo ambayo hakuna aliyeyatilia shaka, na halikuulizwa lile moja ambalo lingeimaliza kesi: jambo analolishuhudia linawezekana?

Nasikia jibu tayari: je, tumwite mtu muadilifu mwongo? Hapana. Jicho linalotafuta kwa hamu hupata. Jioni zile Zuhura ilikuwa ikiwaka magharibi kama taa, na ukichanganya na michirizi ya mawingu yenye kushika mwanga wa machweo, mtu mkweli kabisa anaweza kuapia kitu ambacho si mwezi. Ndiyo maana maswali ya upande na pembe yana thamani. Kwa latitudo yetu hilali ya Aprili hukaa kulia mwa mahali jua lilipozama, ikiwa imelala kama ngalawa iliyoegemea ubavu. Anayesema ameiona imesimama wima amejieleza mwenyewe.

Watu wa darubini nao wana hoja yao. Thierry Legault, Mfaransa pia, aliupiga picha mwezi mpya, Julai 2013, katika dakika ile ile ya ijtimai. Ni kweli, na ni kazi ya kupigiwa mfano. Lakini aliifanya mchana, kwa kichujio cha mwanga usioonekana na macho, jua likiwa limekingwa lisiipige lenzi, na kompyuta ikiunganisha picha nyingi kuwa moja. Hakuna mzee aliyesimama jangwani na kanzu yake akafanya hivyo.

Hoja nzito zaidi ni ya dini: kwamba sisi tumeamrishwa kuona, hatukuamrishwa kuhesabu. Wanaoisema wana ratiba ya sala ukutani mwa msikiti, imekokotolewa kwa dakika, na hakuna anayetoka kupima kivuli cha kijiti ili ajue Alasiri imeingia. Isitoshe, hakuna anayetaka hesabu ichukue nafasi ya jicho. Kinachotakiwa ni hesabu ikatae kile ambacho jicho haliwezi. Na hili halikuletwa na vijana wa intaneti. Taqiyuddin Subki, kadhi mkuu wa Damascus na mwanachuoni wa madhehebu yetu haya haya ya Shafi, aliyefariki mwaka 1355, alisema kwamba hesabu ya uhakika ikionesha kuonekana hakuwezekani, ushahidi hurudishwa. Si wote waliomfuata. Ibn Hajar al-Haytami aliweka sharti kwamba wanafalaki wawe wameafikiana kwa yakini. Basi Aprili 20 walikosa kuafikiana juu ya nini, na jua limepatwa mbele yao?

Wale waliosubiri, Oman kwa mfano, wakaswali Idi Jumamosi, walifanya sawa.

Tunakosea pia katika kutazama kwenyewe, na hili nimelisema mara nyingi. Ghorofa za Kikwajuni zinapendwa kwa kuwa unaona juu ya Mnazi Mmoja hadi baharini, lakini taa za mji zinakula mwanga mdogo wa machweo. Paje na Jambiani magharibi yake ni nchi kavu. Mkokotoni ina Tumbatu mbele yake. Mahali ni Ras Nungwi, penye mnara wa taa, ambako bahari iko wazi kutoka magharibi kuzunguka hadi kaskazini, na hata hapo masika huweka ukuta wa mawingu juu ya Mrima. Wazee walijua haya. Sayyid Ahmad bin Sumeit, mzaliwa wa Ngazija mwaka 1861, alisafiri baharini kabla ya kukalia kiti cha ukadhi wa Unguja. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuelezwa upeo ni nini. Leo kamati za mwandamo zinajaa wanaojua sharti za shahidi kwa moyo, na ni wachache wanaoweza kukuonesha magharibi halisi ya mwezi wa Aprili.

Ama umoja, unaoletwa kila mara kufunga mjadala, Ibn Abbas akiwa Madina hakufuata mwandamo wa Sham alipoletewa habari zake na Kuraibu, na hakuna aliyesema ameuvunja umma. Makka ni kibla cha sala. Jicho la kila mji lina upeo wake.

Kwa mwandamo ujao, wanaopokea ushahidi waweke mezani umri wa mwezi na umbali wake na jua kabla simu ya kwanza haijalia, na atakayepiga aulizwe saa, upande na pembe. Akishindwa, ashukuriwe kwa kutazama, na tufunge siku ya thelathini.