Mikono Isiyopapatika

Kijana alijilaza mchangani, katika ufuo wa Mtongwe nchini Kenya, akajifanya amevutwa kutoka majini. Mwenzake akachomoka mbio kumwendea. Mwalimu wa huduma ya kwanza akamshika bega. "Mwanangu, umeangalia nini kabla hujakimbia?"

Nilikaa asubuhi nzima nikimtazama mwalimu huyo, na swali lile ndilo lililonionyesha ufundi wake. Mwokoaji hodari huanza kwa macho: mkondo unavutia wapi, kuna waya wa umeme, kuna gari linalokuja? Glavu huvaliwa kabla ya kugusa damu. Na majini, hunyoosha upondo au hurusha boya lenye kamba, kwa kuwa anayezama hukamata chochote kilicho karibu, hata shingo ya aliyekuja kumtoa. Mwokoaji akizama naye, wa kuokolewa wamekuwa wawili.

Mtongwe inaujua uzito wa jambo hili. Tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyojaza abiria kupita kiasi ilipinduka mita 40 hivi kutoka ufuoni, ikaondoka na roho za watu 272. Mita 40 ni umbali ambao sauti hufika na mkono haufiki.

Mwalimu akapiga magoti kando ya kijana. Kiganja kimoja kwenye paji la uso, vidole viwili chini ya mfupa wa kidevu, na kichwa kikalala nyuma taratibu mpaka njia ya hewa ikafunguka. Akasogeza shavu puani mwa kijana, macho yakielekea kifuani, akisikiliza, akihisi, akitazama. Sekunde 10, zisizidi.

"Je, asipopumua?" Hapo akahamia kwenye sanamu la mazoezi. Aliyezama amekosa hewa, kwa hiyo alianza na pumzi tano. Kisha akakandamiza katikati ya kifua mara 30, pumzi mbili, tena 30. Mikono imenyooka, kifua kinashuka sentimita 5 hadi 6, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika. Nilivutiwa zaidi na namna alivyoachia: kila mara kifua kilirudi juu chote, kwani moyo hujaa damu pale unapopata nafasi. Baada ya dakika mbili alimpisha mwingine, kabla uchovu haujapunguza nguvu. Akawakanya pia wasimbinye mtu tumbo kutoa maji. Hutapika, na matapishi yakaingia mapafuni.

Kisha akaomba leso kwa mama aliyekuwa akitazama, akamfunika kijana. "Nguo zake zimelowa, na watu wamejaa. Msitirini. Na semeni naye, hata asiyejibu huenda anasikia." Akaagiza pia kwamba huku mmoja akipiga 1199, nambari ya dharura ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, mwingine aweke akilini saa aliyotolewa majini, alivyokutwa na alivyohudumiwa, ili wa ambulensi wasianze upya.

Zamu ilipomrudia yule kijana wa mbio, alisimama ukingoni. Akatazama maji yanakoelekea, akatazama nyuma yake, akaokota upondo. Kusimama kule hakukuzidi pumzi mbili. Mwalimu hakusema neno, alitikisa kichwa tu kukubali, na kijana akaenda.